Ming'oko si chakula cha njaa

Kila ninapopata taarifa ya hali ya chakula kwa mikoa ya kusini, naruka kurasa za mwanzo nikatafute mahali walipoiweka ming'oko. Karibu mara zote naikuta pale pale, kwenye fungu la vyakula vya wakati wa njaa, imebanwa pamoja na ndiga na mizizi mingine ya porini, imepewa mstari mmoja. Mstari huo una kosa. Nimeshughulika na mazao ya mizizi kwa miaka ya kutosha kujua kwamba kosa la namna hiyo halibaki kwenye karatasi. Linashuka mpaka kwenye mpango wa kijiji, linafika shambani, na mwisho wake kuna beseni ambalo halitajaa tena.

Anayetaka kuliona kosa hilo kwa macho yake aende Masasi mjini mwezi wa saba, alfajiri, abiria wa Newala na wa Tunduru wanaposubiri magari yajae. Atamkuta mama ameketi kwenye kigoda, mbele yake beseni lililofunikwa kwa kanga iliyokunjwa mara mbili ili joto lisitoke. Akifunua, mvuke unapanda na harufu ya udongo wa mvua. Ndani kuna viazi vyembamba, vingine kama kidole cha shahada, vingine virefu kama kalamu ya risasi, ganda la kahawia limeshaanza kupasuka lenyewe kwa kuchemka. Unashika ncha moja kwa kidole gumba, unavuta, ganda linavuka lote kwa mkupuo mmoja, unabaki na nyama nyeupe, yenye unga, na utamu unaokuja baadaye kidogo, ukishameza. Chumvi imekwisha kuingia tangu chunguni. Chai ya rangi pembeni, basi.

Sasa watazame wanunuzi. Kondakta, mwalimu, muuguzi anayetoka zamu ya usiku, mnunuzi wa ufuta mwenye daftari kwapani. Chapati zipo beseni la jirani, mihogo ya kuchemsha ipo, maandazi yapo. Wao wanatoa fedha mfukoni na kuchagua ming'oko, na wengine wanaomba wafungiwe fungu la pili la kupeleka kwa ndugu Dar es Salaam. Sijaona bado mtu aliyeshiba akasafirisha chakula cha njaa kilomita mia sita kwa basi ili amfurahishe dada yake.

Tuujue kwanza mmea wenyewe. Mng'oko ni jamaa wa kiazi kikuu, ule ukoo mkubwa ambao wanabotania wanauita Dioscorea, na huu wetu ni Dioscorea hirtiflora. Ni mmea unaotambaa. Rando lake jembamba hujizungusha kwenye vijiti na miti midogo ya kichaka, majani yake yana umbo la moyo na manyoya laini upande wa chini. Kuna mng'oko dume na mng'oko jike: maua ya kiume yako kwenye mmea wake, ya kike kwenye wake, na ni jike peke yake anayetoa vitumba vya pembe tatu vyenye mbegu za mbawa zinazopeperushwa na upepo. Mvua zikikatika rando hukauka, majani yakaanguka, na kilichobaki hai ni kile kilichoko chini: kichwa kigumu chenye kuishi miaka mingi, na viazi vyembamba vinavyoning'inia kutoka kwenye kichwa hicho kama vidole kwenye kiganja.

Si mmea wa kwetu peke yetu. Watonga wa Mkoa wa Kusini wa Zambia wanauita lusala, nao wanauza mafungu yake kando ya barabara wakati wa kiangazi kama sisi. Lakini kwa Tanzania, ukitaja ming'oko umetaja kusini: Masasi, Newala, Tandahimba, Nanyumbu, Nachingwea, Mtwara yenyewe na Lindi. Mtu wa Moshi au Bukoba anaweza kumaliza maisha yake bila kuusikia.

Turudi kwenye kosa, maana hoja yangu kubwa iko kwenye kalenda. Mvua ya kusini ni ya msimu mmoja. Inaanza Novemba au Desemba, inakatika Aprili au Mei. Miezi ya shida kwa mkulima wa Newala na Masasi ni Januari na Februari: mahindi ya mwaka jana yamekwisha, ya mwaka huu bado mabichi, na kazi ya palizi ndiyo kwanza imepamba moto. Kama ming'oko ingekuwa chakula cha njaa, hapo ndipo tungeiona. Haionekani. Mvua ya kwanza ikidondoka, rando jipya linachipua, na chakula cha kuchipulia ni kile kile kiazi cha mwaka uliopita. Ukichimba Januari unakuta kiazi cha zamani kimenywea na kuwa kama kamba iliyolowa, na kipya hakijafikia hata unene wa msumari. Viazi vinajaa kuelekea mwisho wa mvua. Majani yakigeuka manjano ndipo vinakuwa chakula, na vinatulia ardhini kiangazi chote vikimngoja mchimbaji.

Kiangazi ndicho kipindi ambacho mahindi na mtama vimeingia ndani, kunde zimepigwa, mihogo imo shambani. Chakula kinachopatikana ghala likiwa limejaa na kukosekana ghala likiwa tupu, kinawezaje kuitwa cha njaa? Ni kweli kwamba mwaka wa mvua mbaya watu huchimba zaidi, na familia ambayo mavuno yake yameharibika hupata ahueni porini. Nimeyaona hayo na siyakatai. Ila hata samaki huvuliwa zaidi mwaka wa njaa, na hakuna anayemwita samaki chakula cha njaa.

Aliyestahili jina hilo ni ndiga. Naye ni wa ukoo huo huo, Dioscorea dumetorum kwa wanabotania, lakini tabia zao ni mbingu na ardhi. Ndiga ana kiazi kikubwa, kizito, na ndani yake mna sumu inayoshika mishipa ya fahamu. Aliyeila bila kuitayarisha anaweza kupoteza maisha. Matayarisho yake ni kazi ya siku kadhaa: kumenya, kukata vipande vyembamba, kuloweka, kumwaga maji na kuloweka tena, au kuviacha kwenye maji yanayotiririka, halafu kuanika, kutwanga, ndipo ugali upatikane. Ukisikiliza simulizi za njaa za kusini, neno linalojitokeza ni ndiga. Wakati wa Vita vya Maji Maji, kati ya 1905 na 1907, majeshi ya Wajerumani yalichoma mashamba na maghala ili watu wasalimu amri, na kusini yote ikalala na njaa. Watu waliishi kwa kile ambacho moto hauwezi kukifikia, yaani kilichoko chini ya udongo.

Hapa kuna jambo ambalo taarifa zetu hazilitazami kabisa, nalo ni maji. Uwanda wa Makonde ni mlima wa mchanga mwekundu. Mvua inanyesha, inazama, inatokea chini kabisa mabondeni. Karl Weule, Mjerumani aliyefanya utafiti Masasi na Newala mwaka 1906, alikuta watu wa Newala wanaishi juu na maji yao yako chini, na mtu akitaka mtungi mmoja anashuka genge lote na kupanda nao. Mpaka leo, ukisimama kwenye ukingo wa Shimo la Mungu pale Newala ukatazama bonde la Ruvuma linavyofunguka miguuni pako, unaelewa mara moja mtungi huo ulikuwa na uzito gani. Mradi wa maji wa Makonde, unaovuta maji kutoka bonde la Kitangari, umepunguza mateso hayo bila kuyamaliza.

Sasa weka ndiga na mng'oko kwenye nyumba isiyo na maji. Ndiga inataka maji ya kuloweka siku tatu nne, tena ya kumwaga. Mng'oko unataka kata mbili za maji chunguni, jani la kufunika, na moto. Mama aliyepanda genge na mtungi kichwani hana haja ya mtaalamu kumweleza tofauti hiyo. Mimi naamini, na nasema hivi kwa kuunganisha ninayoyajua juu ya mimea na ninayoyajua juu ya mahali, kwamba mapenzi ya watu wa uwandani kwa ming'oko yana maji ndani yake. Ni chakula kilichokubaliana na ardhi isiyo na kisima.

Nimesema ardhi, na hapo ndipo penye moyo wa jambo.

Kwa Kiswahili cha pwani konde ni shamba. Kwa Kimakonde likonde ni kichaka, pori lililofunga, na maelezo yanayotajwa sana ya jina la Wamakonde wenyewe yanaanzia kwenye neno hilo. Mgeni akiyaweka maneno mawili hayo pamoja ataona yanagombana: moja ni shamba, jingine ni pori. Mkulima wa uwandani hakuona ugomvi wowote. Alifyeka kichaka, akachoma, akalima miaka michache mtama, mahindi, mihogo na kunde. Ardhi ilipochoka akailaza, akahamia kichaka kingine. Shamba likageuka kichaka, kichaka kikageuka shamba. Clement Gillman, mhandisi wa reli aliyekuja kuwa mwanajiografia, aliandika mwaka 1945 makala nzima katika jarida la Tanganyika Notes and Records kuhusu ulazaji huu wa mashamba katika Uwanda wa Makonde, wakati ambapo maofisa wengi wa kikoloni walikuwa wanauona kilimo hicho kama uvivu wa watu wasiotaka kutulia mahali pamoja.

Shamba lililolala halikuwa limelala. Ndani yake mlikuwa na fito za kujengea, kuni, dawa, uyoga, panya buku, asali, na ming'oko. Mng'oko unahitaji vitu viwili ambavyo shamba linalolimwa kila mwaka haliwezi kuupa: mti mdogo wa kupandia ili jani lipate jua, na miaka ambayo jembe halipiti juu ya kichwa chake. Kwa hiyo yule mama wa stendi ya Masasi hauzi tu kitu kilichojiotea. Anauza mazao ya muda. Kila kidole cha mng'oko ni miaka ambayo mtu aliiacha ardhi ipumzike.

Nataka nieleze uchimbaji jinsi nilivyouona, maana kwa mbali unaonekana kazi ya nguvu na kwa karibu ni kazi ya macho. Kijiji ni kimoja cha upande wa Newala ambako wazazi wangu wana udugu. Bibi aliyenipeleka ana umri unaozidi miaka sabini. Nilimwamkia, akanijibu, akanitazama viatu. "Mjukuu wangu, hivyo viatu vitakanyaga mama," akasema. Sikumwelewa mpaka tulipofika.

Ilikuwa Agosti, kichaka kimekauka, na kwa macho yangu ya chuoni kila uzi mkavu ulifanana na mwenzake. Yeye alishika rando moja likining'inia kwenye mti, akalisugua kati ya kidole gumba na cha shahada, akaliachia. "Huyu ndiga." Nikalishika na mimi: lina miiba midogo, ngumu. Akashika jingine, laini, akaanza kulifuata kushuka chini bila kulivuta, akisogeza majani makavu kwa kiganja, mpaka lilipoingia ardhini. Hakuchimba hapo. Alipima kama shubiri moja na nusu pembeni, akachimba kwa muo, mti wa mpingo uliochongwa ncha na kung'aa kwa kushikwashikwa, akashuka karibu na urefu wa mkono mpaka kwenye kiwiko. Kisha akaweka muo chini na kuingiza mkono. Kwa pembeni, kutoka kwenye shimo, alivifikia viazi vikiwa vimening'inia, akavikata kimoja kimoja kwa ukucha pale vinapoungana na kichwa. Alitoa saba. Vidogo vitatu akaviacha. Kichwa chenyewe hakukigusa, hakikuona jua hata dakika moja.

"Huyo ndiye mama," akaniambia. "Ukimwondoa mama, watoto wa mwakani utawapata wapi?" Akarudisha udongo shimoni kwa miguu, akaukanyaga kidogo, akaweka majani makavu juu yake. Sehemu ile aliichimba yeye, na kabla yake mama yake mzazi. Kwa Wamakonde, na kwa majirani zao Wamakua na Wayao, ukoo unafuatwa upande wa mama, na elimu hii imetembea njia hiyo hiyo: kwa bibi, kwa mama, kwa binti, pamoja na kumbukumbu ya kichaka kipi kina mama wangapi.

Jina lenyewe, mng'oko, linamfanya msikilizaji wa Kiswahili afikirie kung'oa. Tabia ya mmea ni kinyume. Ukiung'oa unakatika mkononi, nawe umeua kichwa.

Nimewahi kusoma habari za mmea mwingine wa mwituni, mbali sana na kwetu, na tangu siku hiyo siwezi kutazama ming'oko bila kuukumbuka. Kwenye mbuga za majani za Marekani ya kaskazini, Wadakota na ndugu zao Walakota wana mzizi wanaouita tinpsila. Si kiazi kikuu, ni wa jamii ya kunde, lakini kazi yake ilikuwa kubwa kama ya mng'oko na zaidi. Mwezi Juni, ambao waliuita kwa jina la kukomaa kwa mzizi huo, wanawake na watoto walitoka na vijiti vilivyochongwa ncha kwenda kuuchimba. Waliumenya, wakasuka mikia yake kama msichana anavyosukwa nywele, wakapata mikufu mirefu ya mizizi myeupe iliyoning'inizwa ikauke, kisha ikatwangwa unga au ikatiwa kwenye mchuzi wa nyama wakati wa baridi kali. Melvin Gilmore, aliyechapisha mwaka 1919 kazi yake kuhusu mimea iliyotumiwa na wenyeji wa bonde la mto Missouri, aliandika kwamba mama walikuwa wanawaambia watoto wautazame mmea matawi yake yanaelekea wapi, kwa sababu unamwonyesha mwenzake alipo. Mtoto akifuata mkono wa mmea, anatazama mbele kwa makini, na kweli anaona mwingine. Somo la jicho limefichwa ndani ya hadithi.

Kilichonigusa zaidi ni saa yao. Tinpsila akishatoa mbegu, shina lake hukatika juu ya udongo na kubingirishwa na upepo, na mzizi unabaki chini bila alama. Aliyechelewa haoni kitu. Kwa hiyo Mdakota alipaswa kuwahi. Mchimbaji wa ming'oko anapaswa kuchelewa: asubiri jani likauke, mbegu zipeperuke, kiazi kijae, ndipo aende kutafuta uzi mkavu ambao jicho lisilofundishwa halioni. Na tofauti nyingine ni nzito zaidi. Akichimba tinpsila anachukua mzizi ambao ndio mmea wenyewe, na mwingine utachukua miaka kukua mpaka kuliwa. Sisi tumepewa mmea unaoruhusu mtu ale na mmea ubaki. Kwao plau ilipita juu ya mbuga na palipolimwa mzizi ukatoweka. Waliobaki nao wanauchimba kwenye vipande visivyolimwa, na mikufu yake bado inatundikwa majumbani kwa fahari. Kwetu plau imekuja kwa jina jingine.

Sitaki nieleweke vibaya kuhusu korosho. Korosho imesomesha watoto wa Newala na Masasi, nikiwemo mimi. Zao lenyewe lililetwa na Wareno kutoka Brazili, na kuanzia katikati ya karne iliyopita likawa uti wa mgongo wa kusini. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilikusanya kama tani 145,000. Kisha watu wakahamishiwa vijijini, mikorosho ikabaki porini kilomita nyingi kutoka nyumba zilikohamia, na uzalishaji ukaporomoka. Ulipokuja kufufuka, kwa salfa ya kuzuia ubwiriunga, kwa miche mipya na baadaye kwa mnada wa stakabadhi ghalani ulioanza 2007, ulifufuka kwa kasi: msimu wa 2017/18 tulipita tani 300,000.

Lakini mkorosho haulazi ardhi. Ukishapandwa umekaa miaka arobaini, hamsini. Na mkulima mzuri wa korosho hufyeka na kufagia chini ya mti, kwa sababu korosho huokotwa chini, na palipo na nyasi hutaiona. Ndani ya shamba safi la namna hiyo rando la mng'oko halina mahali pa kupandia wala halina ruhusa ya kuonekana. Kila kipande kinachotoka kwenye mzunguko wa zamani na kuingia kwenye mikorosho ya kudumu kimetoka moja kwa moja. Sehemu iliyobaki ya kulima chakula ni ndogo, kwa hiyo nayo hailazwi miaka kumi tena. Inalazwa miwili, ikibahatika. Kusini tumewahi kuona ufyekaji mkubwa kuliko huu: mwishoni mwa miaka ya 1940 matrekta ya mpango wa karanga yaling'oa pori la Nachingwea kwa maelfu ya ekari, na miaka michache baadaye mpango ukafa. Ule ulikuwa ufyekaji wa kelele. Huu wa sasa ni wa kimya, ekari moja ya baba huyu na mbili za shangazi yule, na kila mmoja wao ana sababu nzuri.

Matokeo yake nayaona kwenye beseni. Mama wa Masasi hachimbi tena nyuma ya nyumba yake. Ming'oko inamfikia kwa bodaboda, ndani ya viroba, kutoka mapori ya mbali, na wachimbaji ni vijana wenye majembe ya mpini mrefu wanaolipwa kwa kiroba. Siwalaumu vijana hao. Wanatafuta riziki, na hakuna aliyewapeleka kichakani wakiwa na miaka minane kuonyeshwa mama na watoto. Wao wanachimba juu ya kichwa. Wanaanza mapema, jani likiwa bado kijani, kwa sababu jani kijani linaonekana kirahisi. Hapo kiazi hakijajaa na mbegu za jike hazijaruka. Shimo linaachwa wazi. Katika viroba vya miaka hii ya karibuni nimeokota vichwa vizima vimetupwa chini ya mafungu, vimekauka, kama mizoga.

Na hapa ndipo kosa la ule mstari mmoja linapogharimu. Chakula kikishaitwa cha njaa, lengo la kila mpango linakuwa kukiondoa. Tunapima maendeleo kwa watu kuacha kukila. Hakipati nafasi kwenye kitengo cha utafiti, hakitajwi kwenye mpango wa matumizi bora ya ardhi, na kichaka kinachokitoa kinaandikwa kwenye ramani kama eneo lisilotumika. Nimeketi kwenye kikao cha kijiji kimoja ambako eneo kama hilo lilipendekezwa kugawiwa kwa ajili ya mikorosho mipya, na wanawake waliokuwa nyuma ya ukumbi wakanong'ona kwamba ndiko wanakochimba. Hakuna aliyewauliza waseme kwa sauti. Fedha ya korosho huingia kwa jina la mwenye shamba, mara nyingi mwanamume, miezi ya mwisho wa mwaka. Fedha ya ming'oko huingia kwenye pindo la kanga Julai na Agosti, na hununua daftari na mafuta ya taa siku hiyo hiyo. Nani alihesabu hilo?

Sheria za kutusaidia zipo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inakipa kijiji mamlaka ya kutenga ardhi ya pamoja, na Sheria ya Misitu ya 2002 inakiruhusu kutangaza msitu wake wa hifadhi na kujiwekea kanuni za matumizi. Hakuna kinachozuia kijiji cha Newala kuandika kwenye kanuni zake kwamba ming'oko haichimbwi kabla majani hayajakauka, kwamba kichwa hakitoki ardhini, na kwamba shimo linafukiwa. Kanuni hizo tatu bibi yangu wa Newala anazifuata bila karatasi. Na mkulima wa korosho anayeacha ukanda wa kichaka mpakani mwa shamba, hatua tano tu kwa upana, bila kuuchoma, anaupa mmea huu mahali pa kupumulia na hapotezi debe moja la korosho.

Watu huniuliza: kwa nini tusiupande tu, kama muhogo? Swali ni zuri, na Afrika Magharibi wana jibu la kutia moyo. Nchini Benin kuna wakulima wanaochukua viazi vikuu vya mwituni, wanavipanda mashambani, wanavichagua miaka kadhaa kwa uvumilivu mpaka vikubali kuwa mazao. Kituo cha utafiti cha Naliendele, kilichofanya mambo makubwa kwa korosho, kina mchanga na hali ya hewa ya kufanyia jaribio kama hilo. Lakini nina angalizo. Mng'oko ukihamia shambani kabisa, tutapata kiazi na tutapoteza hoja ya kuacha kichaka. Ningependa upandwe kando ya kichaka, wala si badala yake.

Siku ile ya Agosti bibi alinipa vichwa vinne, vilivyotoka pahali ambapo mwanawe alikuwa anasafisha shamba jipya na vingekufa vyovyote vile. Alivifunga kwenye kipande cha kanga kuukuu pamoja na udongo wake mwekundu. Nilivipanda Masasi, nyuma ya nyumba, kando ya ua wa minyaa, nikavifunika majani kama alivyonionyesha. Kimoja kilifukuliwa na kuku. Mvua za kwanza za Desemba zilipofika, vitatu vilitoa ncha nyekundu kama sindano, na sasa marando yameuvuka ua na kuanza kuingia kwa jirani. Mawili hayajatoa kitu ila majani. La tatu lina vishada vya maua madogo yaliyojipanga kwenye uzi, na kila jioni natoka na miwani yangu kuyatazama nijue kama ni dume au jike.